Besi Iliyopotea

Mhadhara kuhusu sauti ndani ya bomba, uliotolewa Sherikat, Juba, mbele ya mafundi wa jenereta, mafundi wa redio na majirani



Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kufunga spika katika kanisa moja la upande wetu huu wa mto. Spika mbili kubwa, amplifaya mpya, waya wa mita arobaini hivi. Ijumaa nikafunga, Jumamosi kwaya ikaja kufanya mazoezi. Kinanda kilipoanza, sauti za akina mama zikatoka safi, filimbi ikatoka safi, lakini besi haikuwepo. Sisemi ilikuwa ndogo, haikuwepo. Nikaongeza sauti mpaka vumbi likaruka juu ya koni za spika, na besi haikuja. Mzee wa kanisa akanisogelea, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, labda wamekuuzia feki." Nikakubali upesi, maana lawama ikienda dukani mimi nimesitirika. Usiku, nikiwa kitandani, ndipo nikakumbuka: kwenye spika ya kushoto nilichomeka waya mwekundu mahali pa mweusi.

Mafundi wa redio naona mnacheka. Basi mnajua kilichotokea. Spika moja ikisukuma hewa mbele, mwenzake anaivuta nyuma. Kwa sauti nyembamba hilo halionekani sana, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi na hufika sikioni yakiwa yamechanganyika ovyo. Wimbi la besi ni refu, mita tano, sita, hata saba. Aliyeketi katikati anapokea msukumo na mvuto kwa wakati mmoja, na jumla yake ni sifuri. Spika zote mbili zinakula umeme, zinatetemesha mbao, na kazi yao yote ni kimya.

Kosa langu lile ndilo somo la leo, kwa sababu wapo waliolifanya kwa makusudi.

Sisi wa Sherikat hatuna haja ya kuelezwa kelele ni nini. Juba ni mji wa jenereta. Hata umeme wa waya, ule wa kituo cha megawati 33 kilichozinduliwa Novemba 2019, unatoka kwenye injini zinazochoma mafuta. Tofauti ni kwamba zimekusanywa mahali pamoja. Asiyefikiwa na waya ana yake: saluni ina yake, mwenye friji la samaki ana yake, kinu cha kusaga kina yake, na malori ya mpakani Nimule yakipita barabarani huongeza ya kwao. Jina la mtaa wetu lina mzizi mmoja na neno "shirika" la Kiswahili, na kelele nayo hapa ni mali ya shirika: anayeitengeneza ni mmoja, wanaoisikia ni wote. Tena usiku ndiyo mbaya zaidi. Si kwa sababu watu wamenyamaza tu. Ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ikipanda mchana na kupotea angani inapindishwa kurudi chini. Ndiyo maana jenereta ya mtaa wa pili, ambayo mchana huisikii, saa nane za usiku inakuwa kama imewekwa dirishani.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hawakusema kwamba moto wa pili lazima uwe na saa mkononi. Aliyelisema hilo kwa upande wa sauti, na kulichora kwa kalamu, alikuwa Mjerumani aitwaye Paul Lueg. Tarehe 27 Januari 1933 aliwasilisha maombi ya hataza nchini kwake, na tarehe 9 Juni 1936 Marekani ikampa hataza namba 2,043,416. Mchoro wake wa kwanza ni bomba. Sauti inaingia upande mmoja, maikrofoni inaisikia, waya unapeleka habari kwenye amplifaya, kisha kwenye spika iliyowekwa mbele zaidi kwenye bomba lile lile. Umeme una mbio kuliko sauti kwa mbali sana, kwa hiyo habari inafika kabla ya sauti yenyewe. Sauti inapofika kwenye spika inakuta mwenzake anamsubiri, umbo lile lile lakini limegeuzwa juu chini: penye kilele pana bonde, penye bonde pana kilele.

Kwa nini alianza na bomba, asianze na chumba au uwanja? Hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaouza na kununua vitu hivi leo wanaparuka.

Kabla Daraja la Freedom halijafunguliwa mwaka 2022, gari lolote la upande wetu lililotaka kuingia mjini, litoke Nimule, litoke Bor, litoke hapa kwetu, lilikuwa na daraja moja tu la kuvuka mto. Askari mmoja akisimama pale aliweza kuyahesabu yote, moja baada ya jingine. Mchukue askari yule yule umweke katikati ya uwanda usio na barabara, magari yanapita kila upande, atahesabu yapi? Bomba kwa sauti nzito ni daraja moja. Wimbi haliwezi kutawanyika kushoto wala kulia. Linakwenda mbele kama bapa, na msukumo wake ni sawa kutoka ukuta hadi ukuta. Maikrofoni moja inatosha kulijua lote. Spika moja inatosha kulijibu.

Lakini sauti ikiwa nyembamba kupita kiwango fulani, ndani ya bomba hilo hilo panafunguka daraja la pili: wimbi linaanza kwenda mshazari, likigonga ukuta huu na huu, na askari wetu mmoja ameshindwa kazi. Kiwango hicho kinategemea upana. Bomba la duara la sentimita 10, lenye hewa ya kawaida, hubaki daraja moja hadi kama mitetemo 2,000 kwa sekunde, yaani hezi 2,000. Bomba la hewa ya kiyoyozi lenye umbo la sanduku na upana wa nusu mita hufikia kama hezi 340 tu. Bomba jembamba na sauti nzito, hapo ndipo dawa hii inapofanya kazi. Kwingine kote ni kubahatisha kwa gharama.

Tazameni hili mezani. Ni bomba la plastiki la maji machafu, inchi nne, mita tatu, nililonunua sokoni. Mwisho wa huku nimeweka spika bila kuziba bomba. Hii ndiyo jenereta yetu ya leo, itapiga hezi 150. Kule karibu na mdomo nimetoboa tundu na kufunga spika ndogo. Zote mbili zinalishwa na kompyuta hii, na kitufe hiki kinachelewesha ile ndogo.

[Hapa mhadhiri aliwasha spika ya kwanza. Mvumo ulisikika ukumbi mzima.]

Sasa naiwasha ya pili. Mnasikia? Imeongezeka! Watu wa mbele wamenikunjia uso. Kijana, zungusha kitufe polepole. Bado. Bado. Pole… hapo! Usiguse tena.

[Mvumo ulififia. Waliokaa nyuma walisema hawasikii kitu. Waliokaa mbele walisikia mlio mdogo.]

Spika zote mbili bado zinapiga. Mzee, weka kidole kwenye koni, utaona. Sasa mama, naomba upige kofi moja mbele ya mwisho wa huku… Kofi limepita lote, limetokea upande wa pili kama lilivyoingia. Kompyuta haikuwa na habari zake. Inaujua mlio mmoja tu niliouandika mimi, na kofi ni mgeni asiyetoa taarifa.

Na hii hapa ni mashine ya kukaushia nywele, nimeiazima saluni ya jirani. Naipuliza ndani ya bomba. Subirini kidogo. Mnasikia mvumo unavyorudi? Sijagusa kitufe. Nimepasha hewa moto tu, na sauti kwenye hewa ya moto inakwenda mbio zaidi: mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, mita 366 hivi kwenye nyuzi 60. Imefika kwenye spika ndogo mapema kuliko ilivyotarajiwa, na kilele hakikukutana tena na bonde.

Hesabu yake si ngumu. Ukitaka kupunguza desibeli 10, ambazo kwa sikio ni kama nusu ya kelele, kosa lako la muda lisizidi sehemu moja ya ishirini ya mzunguko mmoja wa wimbi. Kwa mvumo wa hezi 50, mzunguko ni sekunde 0.02; una sekunde 0.001 ya kukosea, na hapo ni sharti nguvu zilingane sawasawa. Kwa hezi 1,000 unabaki na muda ambao sauti inatembea chini ya sentimita mbili. Lueg alikuwa na valvu za kioo za mwaka 1933. Wazo lake lilikuwa sahihi na vifaa vyake vilikuwa bubu. Akili za kulifuatilia wimbi linalobadilika hazikuwepo.

Tena lipo tatizo jingine mnalolijua kila Jumapili. Mhubiri akisogea na maikrofoni mbele ya spika, inapiga mluzi unaokata masikio. Ndani ya bomba ni vivyo hivyo: spika ya kuzima kelele haipeleki sauti mbele tu, inairudisha nyuma pia, maikrofoni inaisikia, inaiongeza, na mluzi umeanza. Mtu aliyetaka kimya anapata king'ora.

Njia ilifunguliwa na watu ambao hawakuwa wakishughulika na kelele. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Bernard Widrow na mwanafunzi wake Marcian Hoff walitangaza kanuni fupi ya kumfundisha mtambo kujirekebisha: tazama kosa lililobaki, sogeza kila kitufe kidogo upande unaolipunguza, tazama tena. Ndicho alichofanya kijana wetu hapa kwa sikio na vidole, isipokuwa mtambo unafanya hivyo mara maelfu kwa sekunde wala hauchoki. Unaweka maikrofoni ya pili kwenye mdomo wa bomba, ile inayosikia mabaki, na kanuni inakimbizana nayo. Hewa ikipata moto, vitufe vinasogea vyenyewe. Na huyo Hoff, alipoingia kampuni ya Intel, alikuwa miongoni mwa waliobuni chipu ya 4004 ya mwaka 1971, mama wa chipu zilizokuja kuibeba kanuni hiyo hiyo. Sidhani alikuwa akiwaza mabomba ya moshi.

Chipu hizo zilipopatikana, mambo yalikwenda upesi. Uingereza, mapema miaka ya 1980, Malcolm Swinbanks alizungushia spika mdomo wa bomba kubwa la moshi katika kituo cha kusukuma gesi cha Duxford, ambako tabo ya gesi ilikuwa ikinguruma kwa sauti nzito mno kiasi cha kuwasumbua majirani, na ngurumo ikashuka. Marekani, kampuni ya Digisonix ya Wisconsin ikauza mitambo ya kufunga kwenye mabomba ya hewa ya majengo. Profesa Chaplin wa Chuo Kikuu cha Essex naye alikuwa na ujanja ninaoupenda kuliko wote, maana ni wa fundi wa injini. Alisema kelele ya injini si ya kubahatisha. Inajirudia kila mzunguko. Basi huna haja ya maikrofoni ya kwanza. Weka kitambuzi kwenye gurudumu la injini, kikuambie tu mzunguko umeanza lini, mengine yajifunze kutokana na mabaki. Maikrofoni ya kwanza haipo, kwa hiyo mluzi nao umekosa mlango wa kuingilia. Na mtu akichomeka mashine ya kuchomelea, injini ikalemewa, mtambo unajua papo hapo kwamba mwendo umeshuka.

Sasa twende nyuma ya ukumbi huu. Ile jenereta ina silinda nne na inazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Kila silinda inalipuka mara moja katika mizunguko miwili. Kwa silinda nne hiyo ni milipuko 50 kwa sekunde, na ndiyo besi inayotutikisa miguuni sasa hivi. Salensa ya kawaida, yenye vyumba na matundu, inazikamata vizuri sauti za juu. Hii ya chini inaiponyoka. Ndani ya moshi wa nyuzi 400 sauti inakwenda kama mita 520 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa mita kumi na zaidi, na chumba cha kulitega kwa robo ya urefu wake kinataka mita 2.6. Nani ana nafasi hiyo? Pamba na sufi za kioo haziligusi. Kwa hiyo kwenye karatasi, dawa ya Lueg ndiyo mahali pake hapa: bomba jembamba, sauti nzito, inayojirudia.

Kwenye karatasi. Spika gani itakaa kwenye nyuzi 400? Wanaozitengeneza kwa magari huziweka pembeni, kwenye bomba la tawi, mbali na moto wenyewe, na bado masizi na mvuke vinazila. Ongeza vumbi letu la Januari. Ongeza kwamba injini ikiwa imepoa moshi una nyuzi labda 100, ikibeba mzigo nyuzi 400, na kwa mita mbili za bomba tofauti hiyo peke yake ni zaidi ya sekunde 0.001, yaani kosa lote mliloruhusiwa limeshaliwa. Asiye na mtambo wa kujirekebisha asihangaike. Halafu kuna mzaha wa dunia: Audi walipotoa SQ5 ya dizeli, waliweka spika kwenye mfumo wa moshi ili gari lingurume zaidi. Kifaa ndicho hicho, kazi imegeuzwa. Sisi tunatafuta usingizi, mwenzetu ananunua ngurumo.

Lakini kikwazo kikubwa si moto wala fedha. Jenereta haina mdomo mmoja. Bomba la moshi linapiga, feni ya rejeta inapiga, na mwili wa injini unapiga. Chukua hesabu nyepesi: moshi na feni viwe na kelele sawa. Nikiuua mlio wa moshi wote, mia kwa mia, kimya cha kaburi, kipimo kitashuka desibeli 3. Mtu aliyelala nyumba ya tatu hatajua kama kuna kilichofanyika. Ndiyo maana yule kijana aliyeniletea mwaka jana sanduku lenye spika nne, akisema ukiliweka uani linameza kelele za majirani, nilimrudishia mzigo wake. Uani si bomba. Ukinyamazisha mahali pamoja umeongeza pengine, na kile kiduara cha kimya hakizidi sana sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi: kwa hezi 500 ni sentimita saba. Saba! Kichwa hakiingii. Ndiyo sababu jambo hili limefanikiwa sana kwenye vifaa vya masikioni, kwa kuwa sikio lenyewe ni bomba fupi na kifaa kinakaa mlangoni pake.

Mngeniuliza ningeanzia wapi hapa Juba, ningeacha jenereta na kwenda kwenye bomba la hewa la wodi au la chumba cha upasuaji. Hewa ni ya baridi, haina masizi, feni ina mvumo mmoja usiobadilika, na bomba ni refu, lina nafasi ya kuweka maikrofoni mbali na spika. Mgonjwa anayesikilizishwa mvumo ule mchana na usiku hana pa kwenda.

Kwa jenereta, dawa bado ni uzito na umbali. Bati ni jepesi mno kwa besi. Linaipitisha, tena linapiga ngoma juu yake. Ukuta ukiongezwa uzito maradufu unapata hadi desibeli 6 hivi, kwa hiyo magunia ya udongo yaliyopangwa vizuri yanashinda bati jipya linalong'aa. Acheni nafasi rejeta ipumue, la sivyo mtanunua silinda hedi. Raba za kukalia injini zikishapasuka, badilisheni. Na bomba la moshi lisielekezwe kwa jirani. Hilo si suala la fizikia.

Mzee mmoja ameniuliza wakati wa chai swali ambalo limenifurahisha: sauti mbili zikikutana zikanyamaza, nguvu zake zimekwenda wapi? Hazijafa. Spika ile ndogo haimezi kitu, imefunga mlango. Wimbi linafika pale, linakuta hakuna msukumo wa kuendeleza, linarudi lilikotoka. Atakayetaka kuhakikisha apite na sikio kando ya bomba nyuma ya spika ndogo, atakuta sehemu ambazo mlio umezidi ulivyokuwa. Kwenye mdomo ni kimya, ndani wanagombana.

Na swali la pili lilikuwa la kijana: "Sasa hii ya nyuma ya ukumbi utaifanyaje?" Nimeikagua mchana kabla hamjafika. Pale bomba la moshi linapoungana na injini, gasketi imepasuka. Kuna doa jeusi la masizi limelala kwenye chuma kama ulimi, na ukiweka kiganja shubiri moja kutoka pale unapigwa na pumzi za moto, moja moja. Robo ya moshi wake haifiki kwenye salensa kabisa. Gasketi ninayo mfukoni, na boliti mbili. Nitaifunga kesho asubuhi injini ikiwa baridi. Anayetaka kusikia tofauti aje kabla ya saa mbili, tuiwashe kwanza jinsi ilivyo.